Mzazi Huamka Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Kiti cha baba mdogo kinayumba upande wa kushoto, na leo nimekirithi rasmi. Pamoja nacho nimerithi kikombe chenye ufa, koti la mvua linaloning'inia nyuma ya mlango, na skripti za tahadhari za mto, yaani programu fupi za kompyuta, ambazo hakuna mtu ofisini anayezielewa kwa sababu marehemu hakuacha maelezo hata ya dawa. Ndiyo maana nimeanza kuandika humu. Atakayekalia kiti hiki baada yangu asije akaninung'unikia kama ninavyomnung'unikia mzee wa watu, apumzike kwa amani.

Kazi yenyewe ni hii. Mto ukipanda, mtu hukaa kwenye kompyuta na kuandika mstari mmoja wa amri: jina la skripti, ambalo ni onya, kisha machaguo yake, yaani yale maneno yenye vistari viwili mbele yanayoiambia ifanye nini. Ukiandika --mtaa unataja mtaa wa kuonywa. Ukiandika --sauti unataja rekodi itakayosikika. Unabonyeza, na skripti inapiga simu nyumba kwa nyumba. Baba mdogo aliyapanga machaguo yote ndani ya darasa moja la juu, yaani fungu la maagizo ambalo mengine huyachukua kwake, na madarasa mengine, la simu, la ujumbe na la king'ora, yanarithi kwake. Mkuu anataka kila darasa mtoto liwe na machaguo yake lenyewe, lile la juu, mzazi, lisivunjike, na kazi iishe kabla mvua hazijakolea. Mkuu ni mwanamke wa maneno machache na viatu vya kelele. Simpendi, na sidhani kama analala macho wazi akiliwaza hilo.

Jumatano, 5 Machi

Manyunyu. Nimezaa darasa langu la kwanza. Nimeliongezea chaguo la --kavu: ukiliweka, skripti inataja tu ingempigia nani, lakini haipigi. Ni kama kujifunza kuogelea juu ya kitanda. Nimeliendesha mara moja na halikumlowanisha mtu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa mama mdogo, mjane wa baba mdogo. Nyumba yao iko mtaa wa chini, mgongo wake umeuelekea mto, na baina yao kuna ukuta tu na mawe ya kufulia. Nilikulia humo nusu ya utoto wangu. Kila kitu kiko mahali pake: redio chini ya kitambaa, saa inayochelewa, na ile simu ya mezani ya waya mrefu kwenye kimeza chake karibu na dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo kazi inakula watu." Akanimiminia chai, akakaa, akanyoosha kanga yake magotini. "Baba yako mdogo kanipigia Jumatano."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Kwenye hiyo ya mezani," akasema. "Kaniuliza, 'Upo?' Nikamjibu, 'Nipo.' Kakata. Si unamjua? Hakuwa mtu wa kupoteza maneno kwenye simu."

Nikamtazama. Mama mdogo si mtu wa ndoto. Ndiye aliyekuwa akitufukuza watoto tukisimuliana habari za majini, akisema jini la kweli ni deni. Nikabadilisha mazungumzo, nikamwomba tena ahamie kwangu mpaka mvua zipite. Akakataa, na sababu ni ileile. Mwaka mmoja, mimi bado niko shule, uvumi ulipita kwamba maji yanakuja. Mtaa mzima ukakimbia, yeye akaangushwa njiani akavunjika mkono, na waliporudi mto ulikuwa umetulia tuli na nyumba zimekombwa na wezi. Tangu hapo baba mdogo akamwekea sharti: usitoke kwa maneno ya watu, ngoja nikwambie mimi. Na alikuwa akimwambia kweli. Kila masika alipiga kutoka ofisini, mama mdogo akafunga mlango na kupanda mlimani bila wasiwasi.

"Maji yakija atanambia," akasema leo, akikusanya vikombe.

Nimerudi nyumbani. Masika haya mtu wa kumwambia hayupo, na yeye anamngoja.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kweli. Madarasa mawili yamekamilika. Kiti bado kinayumba.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi wa laini, tunayemwita Kipaza kwa sababu hajui kunong'ona, ameleta rekodi mpya. Mkuu ameamuru sauti ya baba mdogo iondolewe kwenye maonyo yote. Badala yake kuna binti mwenye sauti laini ya kusoma habari: "Ndugu mkazi, kiwango cha mto kimevuka mpaka wa tahadhari. Tafadhali hamia sehemu ya juu."

"Marehemu kapewa likizo bila hata kuomba," Kipaza akasema, akacheka peke yake.

Nikamuuliza, kama mzaha, kama laini za zamani zinaweza kupiga zenyewe.

"Zikilowa huongea zenyewe, dada. Zikikauka zinakana kila kitu."

Kucheka nilicheka. Lakini mchana wote nilikuwa nasikia ile "Upo?" kichwani, kwa sauti ya mtu niliyemzika.

Jumapili, 16 Machi

Amempigia tena. Jumatatu, Jumanne, Alhamisi mara kadhaa. Mama mdogo anasimulia huku akinishonea kishikizo kilicholegea, na kila kitu kingine anachosema kina akili timamu. Anakumbuka nani hajamrudishia sufuria. Anakumbuka nilivaa nini siku ya mahafali.

"Juzi alikohoa kwanza," akasema. "Kile kikohozi chake cha asubuhi."

Nikajikaza nikamtajia daktari. Sindano ikasimama hewani.

"Mimi siumwi, mwanangu. Nimefiwa. Ni vitu viwili."

Jumatano, 19 Machi

Mto umefunika mawe ya kufulia.

Jumapili, 23 Machi

Afadhali niandike.

Nilikwenda kwa mama mdogo na kompyuta mgongoni, maana kesho Mkuu anataka kuona darasa la simu. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tukawa tunazungumza kwa ishara. Yeye alikuwa jikoni nyuma, mimi mezani, mgongo wangu umeielekea ile simu. Niliandika amri kama kawaida, onya, mtaa, --kavu, nikabonyeza.

Simu ikalia nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilimsikia mama mdogo akija taratibu, ndara zake zikiburuzika, akipangusa mikono. Akainua. Akasikiliza. "Nipo," akasema. Akaweka chini, akarudi jikoni kama mtu aliyemfungulia mgeni wa kila siku.

Mbele yangu kwenye kioo skripti ilikuwa imemaliza kutaja nyumba ambazo ingezipigia. Ingezipigia, si imezipigia. Nikajiambia imetokea tu. Nikaandika amri ileile, nikabonyeza tena, na kidole kilikuwa hakijanyanyuka sawasawa simu ikalia.

Safari hii niliiwahi mimi. Nikainua mkono wa simu, nikauweka sikioni. Kulikuwa na mvumo wa laini, halafu sauti ya baba mdogo, karibu kabisa, ile sauti ya mtu anayechungulia mlangoni kuona kama umelala.

"Upo?"

Laini ilisubiri. Nilihisi kabisa kwamba inasubiri. Mama mdogo akatokea mlangoni, akanitazama nilivyoganda, akanyoosha mkono, akauchukua mkono wa simu vidoleni mwangu.

"Nipo," akamjibu. Kisha akaniambia mimi, "Ukikaa kimya anapata wasiwasi."

Nilikuwa naogopa. Sitajidanganya humu ndani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimelipata. Nimeacha kila kitu nikasoma darasa mzazi kuanzia herufi ya kwanza, na liko pale pale juu, mahali ambapo mtu mvivu kama mimi hupita haraka kwa kudhani ni mapambo.

Darasa mtoto likizaliwa, mzazi huamka kwanza. Hilo ndilo agizo lake la kwanza: kabla mtoto hajasoma machaguo yake, mzazi anafanya ya kwake. Na mzazi aliyeandikwa na baba mdogo, akiamka tu, anapima laini. Anaipigia nyumba moja, anauliza "Upo?", anangoja sauti ya mtu, kisha anaandika "Imepokelewa" na kuendelea. Namba haitajwi kwenye amri. Mtu asipotaja namba, inatumika ile iliyowekwa humo tangu zamani, na ile iliyowekwa humo ni ya nyumbani kwake. Kwa hiyo --kavu yangu ilikuwa kavu kwa mtaa mzima isipokuwa kwa mama mdogo, kwa kuwa mtoto alipofumbua macho na kusema "tusipige", mzazi alikuwa ameshapiga.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mzimu wangu ni kosa la mpangilio. Simu zote zile, Jumatano ile, Alhamisi ile, ni mimi niliyekuwa nabonyeza.

Halafu nikaifungua rekodi yenyewe nikaisikiliza. Ni neno moja tu, "Upo?", limekatwa safi mwanzo na mwisho. Nimeirudia mpaka Kipaza akaniuliza kama nimependa. Hakuna kikohozi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia. Nilikwenda baada ya kazi, nikakaa kwenye mkeka miguuni pake kama zamani nilipovunja kitu. Nikamweleza kuhusu mzazi na mtoto, namba iliyowekwa tangu zamani, kidole changu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayempigisha simu," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mama. Ni rekodi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Unadhani sijui? Alipoiweka alinambia. Alisema, kila mtu akigusa ule mtambo nataka kwanza nijue kama upo, ndipo niwashughulikie wengine." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Najua ni kopo, mwanangu. Lakini alilijaza yeye."

"Na kikohozi?"

"Kikohozi sikijui. Alikohoa, nikasikia. Wewe si ndiye msomi?"

Nikamwambia basi sasa ameelewa, ahame, hakuna atakayempigia maji yakija. Akanipangusa shavu kwa kidole gumba.

"Wewe usiache kubonyeza," akasema. "Mengine tuachie sisi."

Jumatano, 2 Aprili

Mkuu ameziona. Alikuwa anapitia orodha ya simu za mwezi, akakuta nyumba moja inapigiwa kila siku.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza. Akasimama dirishani kwa muda, viatu vyake vimetulia kwa mara ya kwanza.

"Ondoa," akasema.

"Mkuu, ni mjane wake. Anaipenda."

"Nimesikia. Ikipiga kila siku bila maji, siku ya maji hatainuka. Na laini za mtaa wa chini ni mbovu. Asipojibu, skripti yote inakwama kumngoja mtu mmoja. Ondoa leo."

Jiwe lina huruma kuliko yule mwanamke. Lakini alikuwa na haki kuhusu kukwama, na mimi ni mwajiriwa. Nimelitoa lile agizo kwenye darasa mzazi. Sasa mzazi akiamka hana la kufanya. Nilipoendesha skripti ilipita moja kwa moja, laini kabisa, na nikajisikia kama niliyefunga mlango mtu akiwa bado nje.

Jumapili, 6 Aprili

"Kanyamaza," mama mdogo akasema kabla hata sijavua viatu.

"Ni Mkuu, mama. Ameniamuru niondoe."

"Najua ni Mkuu. Nasema kanyamaza." Alikuwa amekihamisha kimeza cha simu, amekiweka kando ya kitanda. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huu mwaka mto una jambo."

"Basi twende kwangu. Leo hii. Nitabeba kila kitu mgongoni, na saa yako inayochelewa pia."

"Mpaka aseme."

Nimemkasirikia. Nimemkasirikia na marehemu pia, kwa kumfunga mwanamke mzima kwa ahadi kisha akaondoka na ufunguo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mto umefika kwenye ukuta. Kipaza hajafanya mzaha tangu Jumatatu.

Jumanne, 15 Aprili

Umeme umekatika mtaa wa chini. Mvua haikati hata kwa adabu. Nimelala ofisini.

Ijumaa, 18 Aprili

Jana. Nitaiandika yote, hata ile sehemu isiyonipendeza.

Asubuhi kipimo cha juu kilivuka mpaka. Mkuu akaja mezani kwangu na kusema neno moja, "Anza." Nilianza na mtaa wa chini. Amri ikapita bila kigugumizi, madarasa watoto kila mmoja akachukua machaguo yake, binti wa habari akaanza kuwaita watu ndugu wakazi, nyumba kwa nyumba. Kwa kazi tu, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Kipaza aliingia akiwa amelowa chapachapa, akachukua koleo la nyaya, akatoka tena.

Nilipopata upenyo nikampigia mama mdogo kwenye simu ya mkononi.

"Mama, umepigiwa?"

"Nimepigiwa. Binti mmoja kaniita ndugu mkazi. Simjui."

"Mama, ni sisi. Ni mimi. Toka sasa hivi."

"Wewe unaona namba kwenye kioo, mwanangu. Mimi naona ukuta, na ukuta umesimama. Jirani zangu wametoka, nimewaombea safari njema."

"Nakupigia magoti. Toka!"

"Nilimwahidi."

"Mama, amekufa!"

Nilipiga kelele. Ofisi nzima ikageuka. Upande wa pili nilisikia mvua kwenye bati lake, lile bati ninalolijua.

"Najua alipo," akasema kwa upole, na simu ikazima. Nilipopiga tena haikupatikana. Umeme ulikuwa haupo tangu Jumanne. Ile ilikuwa chaji yake ya mwisho, na ameitumia kunisikiliza nikimkemea.

Nikainuka, nikavuta koti la mvua la baba mdogo. Mkuu akanizuia mlangoni.

"Ukienda, nani ataendesha mitaa mingine?"

"Mkuu, atakufa maji."

Akanitazama. Kisha akanivua lile koti begani, akalivaa yeye. Likamfika vifundoni. "Nyumba gani?" akauliza. Nikamwelekeza. Akachukua ufunguo wa lori, na kelele za viatu vyake nikazisikia mpaka chini ya ngazi. Nilichoandika juu yake tarehe mbili ni upumbavu, na sitakifuta, ili kinikumbushe.

Redio ikatangaza barabara ya kwenda chini imejaa maji. Mkuu hangefika kwa haraka, pengine hangefika kabisa. Nikakaa kwenye kiti kinachoyumba, nikafikiri jambo moja tu: yule mama atatoka kwa sauti moja duniani, na mimi ninayo.

Kipaza hakuwa amezifuta rekodi za zamani. Alizihifadhi kwenye folda aliyoiita takataka, Mungu ambariki kwa uvivu wake. Humo kulikuwa na onyo la baba mdogo: "Maji yanapanda. Tokeni sasa, msingoje chochote." Nilijua ninachotaka kufanya. Maneno yalikuwa yake, lakini siku haikuwa yake. Nilikuwa namtia marehemu neno mdomoni, kwa mke wake, kwenye ahadi ambayo hakunishirikisha. Hata hivyo niliandika: onya, --sauti na jina la rekodi ile, --kwa na namba ya simu ya mezani. Simu ya mezani haihitaji umeme wa nyumbani. Nikabonyeza. Skripti ikaandika, "Imetumwa."

Nikarudi kwenye mitaa mingine, maana watu walikuwa bado wanalala, wanapika, wanabishana na wake zao, na maji hayangoji.

Mchana ukuta wa mtaa wa chini uliondoka wote kwa mara moja. Aliyetuambia ni redio. Niliendelea kuandika amri. Sikumbuki nilikuwa naandika nini.

Jioni Mkuu alirudi na lori limejaa watu. Alikuwa na tope mpaka nyusi. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye darasa la shule walikowekwa waliohamishwa, na pale kwenye dawati la mbele, kama mwanafunzi aliyewahi, alikuwa amekaa mama mdogo. Mapajani alipakata beseni. Ndani ya beseni, imefungwa kwa mfuko wa plastiki, ilikuwemo simu ya mezani, na waya wake unaning'inia.

"Nimemkuta njiani, ameshafika nusu ya mlima," Mkuu akasema. "Anatembea kama anakwenda sokoni."

Nilipiga magoti pale pale nikalia kwenye kanga yake. Naye akanipigapiga mgongo.

"Kanipigia," akasema. "Sasa unalia nini?"

Nilijivuna, nakiri. Usiku huo wa jana nililala nikijiambia kwamba nimemwokoa kwa mstari mmoja.

Jumamosi, 19 Aprili

Nyumba yao haipo. Kuna tope, na kipande cha ngazi ya mbele.

Kipaza alikuja mezani kwangu mchana na chai mbili. Ananong'ona siku hizi, sijui amejifunzia wapi.

"Dada, samahani. Juzi ulituma kitu kwenye laini ya mezani ya mtaa wa chini?"

"Nilituma. Kwa mama mdogo. Rekodi ya mzee, uliyoificha. Nilikuwa nataka kukushukuru."

Hakunywa chai yake.

"Ile laini niliikata asubuhi," akasema. "Kabla hujatuma hiyo rekodi. Maji yalishaingia kwenye sanduku la nyaya, nikakata mtaa mzima kwa koleo, kwa mkono huu. Hakuna simu ya mezani iliyolia kule baada ya hapo."

Nikafungua kumbukumbu za skripti. "Imetumwa" ilikuwepo. Imetumwa maana yake ni kwamba mashine imetupa jiwe. Haisemi kama limeangukia popote. Baba mdogo alikuwa na neno lake la pili, "Imepokelewa", ambalo huandikwa mtu akijibu. Nilishuka mstari kwa mstari. Halikuwepo.

"Labda umekosea sanduku," nikamwambia.

"Labda," akasema, kwa namna ya mtu anayekuonea huruma.

Nilipofika nyumbani mama mdogo alikuwa ameshanipangia upya jiko langu lote, na simu ya mezani ameiweka juu ya friji, waya umezungushwa vizuri. Nikakaa.

"Mama, siku ile alikwambiaje? Neno kwa neno."

"Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

Akaendelea kuchambua mchele. "Alikohoa. Akaniuliza, 'Upo?' Nikamwambia, 'Nipo.'" Akatoa jiwe dogo, akaliweka pembeni. "Akasema, 'Basi usiwepo.'"

Nilingoja.

"Basi. Nikamuuliza, na wewe je? Akanyamaza. Nikachukua beseni."

Rekodi niliyotuma haina "Upo?". Na hakuna rekodi, si kwenye darasa mzazi, si kwenye takataka ya Kipaza, popote nilipotafuta, yenye hayo maneno mengine. Sijamwambia. Sijui ningemwambia nini, kwamba si mimi?

Jumatano, 23 Aprili

Jua. Watu wanaanika magodoro.

Jumatatu, 5 Mei

Mkuu amekubali upimaji wa laini urudi, lakini urudi kwa adabu. Sasa ni chaguo kama machaguo mengine. Mzazi akiamka hagusi kitu. Anangoja mtoto asome amri yote, na kama kuna --kavu anaiheshimu. Nimeandika maelezo juu yake, marefu, kwa lugha ya binadamu. Namba haijawekwa humo tangu zamani tena. Anayeendesha ndiye anayeitaja.

Nilimuuliza mama mdogo kama anataka niitaje ya kwake, tumtafutie laini mpya.

"Mwache apumzike," akasema. "Ameshasema."

Leo asubuhi ofisi ilikuwa tupu. Nikaandika amri, nikaweka chaguo la kupima, nikataja namba ya simu ya mezani kwangu hapa ofisini. Nikabonyeza. Ikalia kando ya kikombe chenye ufa, nikainua.

"Upo?"

"Nipo," nikasema.

Kwenye kioo ikaandikwa, "Imepokelewa." Nikaubana mkono wa simu sikioni, nikazuia pumzi, nikangoja kikohozi, au neno jingine lolote, hata la kunigombeza kwa kiti. Laini ikakatika, kama nilivyoiandika mwenyewe.